Mama Mapasa na Sufuria Inayofundisha Kuandika

Ka-ta-ta. Ka-ta-ta. Ka-ta-ta-ta.

Giza bado ni zito mjini Kamina. Katika jiko la nyuma ya nyumba moja ya matofali mabichi, kifuniko cha sufuria kinacheza juu ya maji ya chai. Taa haijawashwa. Mafuta ya taa yamekuwa ya kutafuta kwa tochi tangu vita vianze tena Agosti mwaka jana, kwa hiyo mwanga ni ule wa makaa tu, mekundu ndani ya mbabula, jiko la bati lililotobolewa matundu kwa msumari.

Émerence Kalonji amepiga magoti mbele ya beseni. Anakanda unga wa bitumbula, yale maandazi ya duara ambayo Kamina haianzi siku bila hayo. Mikono imezama hadi viwiko. Mtu mwingine angeshanyoosha mkono akakituliza kile kifuniko. Yeye anakiacha kipige.

"Sikia," ananong'ona. "Leo iko na haraka, kama muntu mwenye treni inamuacha."

Kwenye mkeka, kando ya ukuta, pacha wake wawili wa miaka sita wamelala chini ya kikwembe kimoja cha kitenge. Kyungu, wa kiume, anakoroma kama mzee. Kabange, wa kike, amefumbua macho. Anasikiliza.

Jua likipanda, mama huyu wa miaka ishirini na tisa atakuwa kando ya barabara iendayo Base, kambi kubwa ya kijeshi nje ya mji, akiwauzia askari chai na bitumbula. Jioni atanawa unga mikononi, atafunga kitambaa safi kichwani, na kuingia katika ukumbi mdogo wa mtaa ambamo kwaya hufanyia mazoezi. Humo yeye si muuza chai. Humo anaitwa mwalimu.

Asubuhi anawalisha askari, jioni anawafundisha wake zao kuandika. Pamoja nao wamo wake za wafanyakazi wa reli, wajane wawili watatu, na wanawake waliokimbia vita kutoka upande wa maziwa na mabwawa ya Lualaba. Wote kwa pamoja wanakaribia thelathini, na hakuna hata mmoja anayekuja kunakili tena. Wanaandika hadithi zao wenyewe, na wanaziandika kwa kusikiliza muziki.

"Bantu banafikiri niko na akili mingi," anasema akicheka, na unga unamruka puani. "Hapana. Miye niko na sufuria."

Lakini mapema mwaka huu sufuria ilikuwa sufuria tu, na darasa lake lilikuwa linakaribia kufungiwa mlango.

Émerence alizaliwa hapa hapa Kamina, binti wa karani wa stesheni na mama aliyeimba sauti ya pili katika kwaya. Aliacha shule akiwa mjamzito. Walipozaliwa pacha, alirudi darasani kwa mlango wa jioni, mmoja mgongoni, mwingine mapajani, huku mumewe Lazare, fundi wa mabehewa, akipika bukari, ugali wa huku, nyumbani na majirani wakimcheka. Lazare hakujali. Hata leo, mshahara wa reli ukiwa umekuwa hadithi ya zamani, ndiye anayepasua kuni za mkewe.

Kwa kuwa ni mama wa pacha, mtaa mzima humwita Mama Mapasa. Na kwa desturi ya Waluba, mama wa pacha huimbiwa nyimbo za matusi hadharani, tena matusi ya kuchomoa masikio, naye haruhusiwi kununa. Akinuna, watoto watadhoofika.

"Balinitukana na ngoma, na makofi, na vigelegele," anakumbuka. "Mama mukwe wangu mwenyewe njo alikuwa anaanzisha wimbo! Sasa muntu akikuja kunisema vibaya bila ngoma, naona anafanya kazi nusu."

Ngozi hiyo ngumu aliihitaji. Vita vilipowaondoa walimu wengi mjini, mwalimu wake wa zamani alimwachia ufunguo wa ukumbi, akamwambia asiuache mlango ushikwe na kutu. Chaki hazikuwepo. Émerence akaenda sokoni kununua pemba, ule udongo mweupe wa mtoni ambao wazee huwapaka watu waliobarikiwa au walioshinda kesi, na ambao wajawazito huutafuna kwa hamu. Akaukata vipande vya urefu wa kidole. Vibao akavitengeneza kwa mbao za dari zilizopakwa masizi.

"Juma la kwanza," anasema, "mwanafunzi mumoja alikula kalamu yake. Mimba ilikuwa ya miezi saba. Nilimusamehe, nikamupa ingine. Akakula na ile."

Wanawake walijifunza herufi, wakajifunza maneno, wakanakili sentensi ubaoni kwa mwandiko mzuri wa kujivunia. Hapo ndipo walipokwama. Ukiwaambia waandike neno lao wenyewe, kila mmoja aliangalia miguu yake.

Aliyeliona hilo wazi kuliko wote alikuwa Papa Malachie, mzee wa kanisa anayesimamia ukumbi. Ni karani mstaafu, shati lake halikosi kalamu mfukoni, na si mtu mbaya. Wahisani walikuwa wamemwahidi vyerehani kwa ajili ya vijana, naye hakuwa na mahali pa kuviweka. Alisimama mlangoni jioni moja mwezi wa Mei akatazama vibao vyote, mistari ile ile, koma zile zile.

"Mama Mapasa," alisema, "hii masomo yako iko kama bukari ya kilio. Bantu banakuja, banakula, banarudia kwabo. Nani mumoja anajua kupika?"

"Banajua kuandika, Papa."

"Banajua kufuata. Hata mbuzi anajua kufuata."

Émerence hakununa. Alimwomba mzee arudi wiki inayofuata, awaone wakiandika ya moyoni.

Alikuwa na wazo lake. Wanawake hawa, aliona, ukiwauliza jambo wananyamaza, lakini ukiwapigia muziki wanafunguka kama mlango wa stoo. Akamwita Éliézer, kijana anayepiga kinanda cha kwaya, kile kikubwa cha zamani ambacho mpigaji hukanyaga mivukuto yake kwa miguu ili kipate pumzi. Papa Malachie alipokaa, Éliézer akapiga wimbo mmoja mtamu wa ibada, na Émerence akawaambia wanafunzi waandike chochote ambacho muziki unawaletea.

Na waliandika! Vipande vya pemba vililia juu ya mbao. Papa Malachie akainua nyusi. Émerence akahisi machozi ya furaha yakimpanda.

Kisha mzee akavaa miwani, akapita nyuma ya mabega yao. Kibao cha kwanza kilikuwa na ubeti wa kwanza wa ule wimbo. Cha pili, ubeti wa kwanza. Cha tatu, ubeti wa kwanza na wa pili, na juu yake namba ya wimbo kitabuni. Watu waliokua na kitabu cha nyimbo mkononi tangu kubatizwa walikuwa wamesikia muziki wakafanya kile walichokijua: kufuata maneno. Tofauti ilikuwa moja tu. Éliane Likoke, mke wa askari kutoka jimbo la mbali la Équateur, alikuwa ameandika wimbo ule ule kwa Kilingala.

Papa Malachie alicheka hadi miwani ikamwanguka.

"Hii hapana darasa, ni mashine ya kuchapa vitabu vya nyimbo!" Kisha akawa makini. "Sikia, mwanangu. Jumamosi ya mwisho mbele ya mvua, nitakuja na wazee wawili wa kamati. Wimbo nitachagua miye mwenyewe. Kila muntu ataandika kitu yenye haijaandikwa na muntu mwingine. Kama inashindikana, siku ya kwanza ya juma vyerehani vinaingia, na weye unanirudishia ufunguo."

Usiku huo, anasema Lazare, mkewe hakula. Alfajiri alikuwa jikoni kama kawaida, akikanda kwa hasira, sufuria ikichemka. Kabange akaketi kwenye mkeka, nywele zimesimama, akasema kwa sauti ya usingizi: "Mama, treni inapanda mulima."

"Treni gani? Lala."

"Ile." Akanyoosha kidole kwenye kifuniko. "Inachoka. Sasa inafika. Bantu banashuka."

Émerence aliacha kukanda. Akasikiliza. Kweli, kifuniko kilihema kama gari-moshi linalotoka Bukama na mzigo. Lakini yeye mwenyewe, alipofumba macho, hakuona treni. Aliona bibi yake akitwanga huku akigombana na jirani.

"Njo pale nilijua kosa langu," anaeleza. "Wimbo wa kanisa inakuja na maneno yake mu mufuko. Inakupa yote, haikuombi kitu. Sufuria haina neno hata moja. Ukitaka neno, ni weye kutoa."

Jioni hiyo alibeba mbabula, sufuria na maji hadi ukumbini. Wanafunzi walidhani wanapikiwa. Akaweka sharti ambalo limebaki hadi leo: sufuria ikipiga, pemba iko chini na mdomo umefungwa, anayeimba anatoka nje. Sufuria ikinyamaza, hakuna anayesema neno, kila mtu anaandika.

Sharti la kutoimba ndilo lililowatesa zaidi. Kamina haina watu wanaosikia mdundo wakakaa kimya. Jioni ya kwanza wanne walitolewa nje, na wa tano akatoka mwenyewe ili akaimbe kwa raha.

Lakini waliobaki waliandika. Mama Tshiala, mjane mwenye umri mkubwa kuliko wote, alisoma kibao chake kwa sauti: "Mama mukwe anasema-sema mu nyumba, na muntu hamujibu." Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Éliane akafuata: "Ni meno ya bwana yangu wakati malaria inamupiga."

"Meno ya bwana yako!" alipaza sauti mmoja. "Na yale anatafuna nayo bintu vyetu sokoni?"

"Hayo ni ya bwana yako weye," Éliane akamrudishia. "Ya wangu yanatetemeka, ya wako yanakula bitumbula bila kulipa. Uliza Mama Mapasa!"

Kuanzia hapo hakuna kilichosalimika nyumbani. Mchi na kinu viliingia darasani. Ufagio ukaingia. Kisha Éliane akaleta likembe ya mumewe, kile kisanduku chenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, ambayo aliiacha alipopelekwa mbele vitani. Akapiga wimbo wa mtoni kwao. Wanawake wa Kiluba, wasiojua maneno ya wimbo ule, waliandika hadi vibao vikajaa. Éliane peke yake aliandika maneno ya wimbo.

Émerence analikumbuka somo hilo kwa maneno machache. "Ngoma ya kwenu inakusemea," anasema. "Ngoma ya jirani inakuuliza."

Katika mwaka ambao watu wa Kamina wamejifunza kumtazama mgeni kwa pembe ya jicho, na ndege za Base zinapita juu ya mapaa hadi vibao vinatikisika, neno hilo halikuwa dogo. Mke wa askari wa mbali alikuwa akiwapigia likembe wanawake wa hapa waandike, nao wakimtwangia kinu ili naye aandike.

Ni mmoja tu ambaye muziki haukumfikia.

Noémie Mbuyi alikuwa mkaushaji wa samaki Mulongo, kwenye maji ya Lualaba. Vita vilipokaribia alitoroka na binti yake Talitha, wa miaka minne, wakapita mabwawa kwa miguu, wakapata mtumbwi, kisha treni kutoka Bukama. Alipoteremka stesheni, Lazare alimkuta ameketi kando ya reli na sufuria tupu kichwani, kama aliyesahau kuishusha. Akamleta nyumbani. Tangu siku hiyo wanalala chumba cha pili.

Alijua kusoma. Herufi zake zilikuwa nzuri. Lakini jioni zote, sufuria iliponyamaza na wenzake wakainama, Noémie aliketi na kibao cheusi mapajani, akikifuta kwa kiganja ingawa hakikuwa na kitu. Kipande chake cha pemba kilikuwa kirefu kuliko vyote darasani.

"Nilikuwa naogopa ju yake kuliko ju ya ufunguo," anasema Émerence. "Papa Malachie alisema kila muntu. Kila muntu! Miye nikimuambia Noémie asikuje ile siku, nitakuwa nimemufukuza mara ya pili."

Akamwambia aje.

Jumamosi ile ya mwisho wa Agosti, vumbi la kiangazi likiwa limekaa hadi kwenye kope za watu, ukumbi ulijaa. Waume walikuja. Watoto walining'inia madirishani, Talitha akiwa juu ya mabega ya Lazare na kitumbula mkononi. Papa Malachie alikaa mbele na wazee wawili, akanyoosha suruali yake, akatangaza wimbo aliouchagua.

Ulikuwa ule wa kufungia ibada.

Mguno ulipita ukumbini. Wimbo ule kila mtu Kamina anaujua kuliko jina la baba yake. Unaimbwa kila Jumapili, unaimbwa kwenye harusi, unaimbwa kwenye makaburi. Ukipigwa, hata mtoto wa kunyonya hufungua mdomo.

"Papa," Éliane alilalamika, "si utushike na mukono, utuandikie weye mwenyewe?"

"Nilisema nitachagua. Nimechagua."

Émerence alisimama akitazama kinanda. Alikuwa binti wa mwanamke aliyeimba sauti ya pili. Utotoni alikaa chini ya kinanda wakati wa mazoezi, karibu na miguu ya mpigaji, mahali ambapo wimbo haufiki vizuri, inafika ngurumo yake tu. Akaenda akamwinamia Éliézer sikioni.

"Mukono wa kuume uweke ku magoti," alimnong'oneza. "Piga wa kushoto peke yake. Na usikimbie."

Éliézer alimtazama, kisha akatabasamu polepole. Mkono wake wa kulia akaulaza gotini kama paka.

Sauti nzito zikaanza kutoka, moja, nyingine, moja, nyingine, chini kabisa ya kinanda, na mivukuto ikivuta pumzi katikati. Hapakuwa na wimbo. Palikuwa na kitu kinachotembea. Wanawake walitazamana, midomo yao ikatafuta maneno ikayakosa. Papa Malachie alikunja uso, akainamisha sikio, akaonekana kama mtu anayejaribu kukumbuka aliwahi kukutana wapi na mgeni fulani.

Kinanda kikanyamaza. Pemba zikainuliwa.

Émerence hakuthubutu kumtazama Noémie. Alitazama ukuta, anasema, akawasikiliza wengine wakikwaruza. Kisha akasikia mkwaruzo mmoja wa karibu, mzito, wa mtu anayekandamiza sana, na pemba ikavunjika, na mkono ukaokota kipande kilichobaki ukaendelea.

Walisoma mmoja mmoja. Mama Tshiala aliandika juu ya ng'ombe wa mjomba aliyekataa kuvuka daraja. Éliane aliandika juu ya mtu mnene anayepanda ngazi za benki ambayo haina pesa, na wazee wa kamati wakasahau uzee wao kwa kucheka. Hakuna kibao kilichofanana na kingine. Papa Malachie alikwisha kuvua miwani.

Wa mwisho alisimama Noémie. Alisoma bila kuinua kichwa.

"Mama mumoja anatembea mu maji. Maji inamufika ku magoti. Ku kichwa iko sufuria, ku mugongo iko mutoto. Mutoto hasemi. Mama anaogopa kugeuka kumuangalia. Anasikiliza tu miguu yake: moja, ingine. Kama anasimama, atajua kama mutoto anapumua ao hapumui. Njo maana hasimami. Jua inaingia. Mama anafika ku udongo mukavu. Anakaa. Anasikia sauti ku shingo yake: Mama, njaa. Ile mama njo miye. Tulifika."

Juu ya mabega ya Lazare, Talitha alikuwa akitafuna kitumbula chake, mashavu yamejaa, miguu ikining'inia.

Ni Mama Tshiala aliyeanza. Kigelegele chake kilipasua dari, na kingine kikakifuata, na wanawake wakainuka na viti vyao. Noémie alizungukwa asionekane. Alipoonekana tena alikuwa anacheka na kufuta uso kwa mkono mweupe wa pemba, akijipaka zaidi badala ya kujifuta.

Papa Malachie alisubiri makelele yapungue.

"Nimesikia," alisema, akiivaa tena miwani. "Vizuri sana. Lakini, Mama Mapasa, wimbo wangu hamukuupiga."

"Tuliupiga, Papa."

"Ule? Ule njo wimbo gani?"

Émerence akamwashiria Éliézer. Mkono wa kushoto ukaanza tena kutembea, moja, nyingine. Kisha wa kulia ukainuka kutoka gotini ukashuka juu yake, na wimbo wa kufungia ibada ukajaa ukumbi mzima, kila mtu akaujua papo hapo, na kwa kuwa sharti lilikuwa limekwisha, kila mtu akaimba. Hata watoto wa madirishani. Hata wazee wawili wa kamati.

"Kila Jumapili tunausikia huku juu," Émerence alimwambia mzee katikati ya sauti zile. "Leo tumeusikia kwa miguu yake."

Papa Malachie alitikisa kichwa. "Miaka mingapi naimba huu wimbo," alisema, "na miguu yake sikuijua!" Akaangua kicheko, kile kile cha mwezi wa Mei, lakini safari hii hakuna aliyeumia.

Kisha akafanya jambo ambalo wengi hawakulitarajia kwa mzee wa kanisa. Akaokota kipande cha pemba cha Noémie kilichovunjika, akakisaga kwa vidole, akamshika Émerence mikono na kumpaka weupe kutoka viganjani hadi viwikoni, jinsi anavyopakwa mtu aliyeshinda kesi.

"Ndiyo, miye ni mwanakanisa," aliwaambia waliomkodolea macho. "Lakini nilizaliwa Katoto, kwa bazee ba pemba."

Vyerehani vilikuja, na vinafanya kazi asubuhi. Jioni ukumbi ni wa kuandika. Siku za karibuni Papa Malachie huja akakaa nyuma, eti anakagua mlango, na mara mbili ameonekana na kibao mapajani. Wanafunzi wanasema anaandika polepole na anaficha kwa mkono.

Émerence ana mipango inayozidi beseni lake. Anataka kukusanya hadithi za vibao kwenye karatasi kabla hazijafutwa, na amekwisha kupata ahadi ya mashine ya roneo ya kurudufu nakala, siku itakapopata wino. Anataka kufungua darasa la pili huko Base, na Éliane ndiye atakayelifundisha. Tayari ametangaza kwamba kwake sufuria itakuwa kubwa zaidi. Noémie naye amesema kwamba amani ikirudi atarudi Mulongo na kufungua la kwake.

"Chaki hatuna kule," Noémie anasema, akipuliza makaa, "lakini pemba iko mu muto yote, na sufuria niko nayo. Nilivuka nayo."

Na watoto, nao wataanza lini kuandika? Swali hilo Émerence huulizwa sana, kwa sababu wapo kila jioni madirishani. Anasema anasubiri mvua zipungue, apate mbao. Hajui kama wako tayari. Wadogo, anasema, kazi yao kwanza ni kusikiliza.

Huko nje anga limeanza kupauka. Bitumbula vya kwanza vinaelea kwenye mafuta, vinajigeuza vyenyewe. Émerence anavuta kikwembe chake, anashika masikio ya sufuria ya chai kwa ncha mbili za kitambaa, anaiinua kutoka kwenye mbabula na kuiweka chini. Kifuniko kinagonga mara mbili, mara moja, kisha hakigongi tena.

Kwenye mkeka, Kabange ameketi wima. Nywele zake zimesimama. Mkononi ameshika kibao cheusi cha mama yake, ambacho hakuna aliyemwona akikichukua, na mkono mwingine ameunyoosha gizani, kiganja wazi.

"Mama, inanyamaza, unipe pemba."